Ndoo Iliyofika Imejaa

Ukitaka kumkasirisha Osmund Komba wa Matogoro, mwambie kwamba maharage ni chakula cha shida. Atakusimamisha hapo hapo njiani, hata kama una mzigo kichwani, na hatakuachia mpaka umejua tofauti ya maharage yaliyochemshwa na maharage yaliyopikwa. Wengi wamechelewa Misa kwa sababu hiyo, na paroko anawajua kwa majina.

Osmund alilitumikia jeshi miaka ishirini na sita. Alitoka na cheo cha koplo, goti moja bovu, na sifa ambayo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya, kwamba kati ya Songea na mto Ruvuma hajazaliwa mpishi wa maharage kumshinda. Bunduki alipewa kama wenzake, akaisugua na kuipaka mafuta kama wenzake, lakini katika miaka yote hiyo adui aliyekutana naye ana kwa ana alikuwa kokoto ndani ya sufuria. Na kokoto lile halikuwahi kumshinda.

Goti lina hadithi yake. Akiwa na miaka thelathini na minne alipelekwa kwenye kituo kimoja kidogo huko mbali kusini, kilichokaa juu kabisa ya kilima. Aliyekichagua kilima hicho alikuwa ofisa mwenye darubini nzuri sana. Kitu ambacho hakuwa nacho ni sufuria. Kutoka kule juu ungeweza kumwona mbuzi akijikuna vijiji vitatu mbele, lakini maji yalikuwa chini, na mwenye kuyafuata alikuwa mpishi. Osmund alibeba mzega begani, ndoo mbele na ndoo nyuma, hatua elfu moja mia moja na arobaini na sita kila safari. Alizihesabu kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Ndoo zilitoka mtoni zimejaa, zikafika jikoni nusu. Nusu nyingine ilinywewa na njia. Masika ya pili aliteleza kwenye jiwe, goti likalia kama kuni kavu, na tangu siku hiyo limekuwa likitabiri mvua vizuri kuliko redio.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," hupenda kusema, kisha huongeza la kwake: "na kilima usichokipanda na ndoo hujui urefu wake."

Kuanzia Matogoro hadi Bombambili hakuna aliyekuwa hajaisikia hadithi ya kilima kile. Ndiyo maana jambo alilolifanya mwezi wa tano uliopita liliwashangaza watu wote, na yeye mwenyewe likamshangaza zaidi.

Ilikuwa Jumanne. Gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa mtaa, Hironimus, likashusha ofisa mmoja mwanamke, Kapteni Careen, na dereva wake. Jeshi lilitaka kujenga kituo kidogo cha askari thelathini kwenye kilima kilicho nyuma ya makazi, nje ya mpaka wa msitu wa hifadhi, na Kapteni alikuja kuchagua mahali. Hironimus, mtu mnene asiyeelewana na milima, akafikiri haraka akatuma Osmund aitwe. Nani mwingine mtaani aliyewahi kuishi kituoni?

Osmund alifika amevaa shati lililopigwa pasi. Alipomwona Kapteni, miaka ishirini na sita ikamrudia mgongoni. Akabana visigino, akapiga saluti, goti likalia ko! Sekunde hiyo hiyo Kapteni, mtoto wa Kimatengo aliyelelewa vizuri na bibi yake huko Mbinga, alikuwa ameinama kusema, "Shikamoo baba." Basi mmoja ameinama, mwingine amesimama kama mlingoti, kila mmoja akingoja mwenzake amalize.

"Marahaba, afande," Osmund akasema mwishowe, na wote wakacheka. Wakapendana kuanzia hapo.

Walizunguka mahali patatu. Kwanza Chemchemini, chini bondeni, ambako maji hutoka kwenye mwamba mwaka mzima na bomba la mtaa linaanzia. Kisha wakapanda kupita Begani, mahali pa katikati ambapo kilima kinapumzika kidogo kabla ya kuendelea kupanda. Mwisho wakafika Kileleni. Njiani Kapteni alieleza kazi yake bila kujidai. Kituo kinahitaji kuona barabara iendayo Namtumbo na Tunduru, kinahitaji redio ishike vizuri, maji yawe karibu, lori lifike hata wakati wa mvua, na majirani wasisumbuliwe.

"Tatizo, baba, hakuna mahali penye vyote," alisema. "Ukipata macho unapoteza maji. Ukipata maji unapoteza macho. Mtu wa kazi hii siku zote anachagua atakachokikosa."

Osmund alitingisha kichwa kwa heshima. Maneno hayo angeyasikia miaka thelathini na moja iliyopita, angembusu aliyeyasema.

Kileleni, Kapteni alifurahi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mabati ya mji wa Songea yalimeremeta chini yake, mpaka Mshangano kule upande wa pili, na barabara ya Tunduru ilionekana yote, kila kona. Redio yake ilishika mara moja. Hironimus alikuwa amekaa juu ya jiwe akitafuta pumzi aliyoiacha chini. Ndipo Kapteni akageuka na daftari mkononi.

"Baba, na maji? Kutoka hapa ni mbali?"

Osmund akachongoa midomo kuelekea bondeni, jinsi watu wa kwao wanavyoonyesha njia, akasema, "Hapo tu."

"Hapo tu, afande," akaunga mkono Hironimus, ambaye hajawahi kuchota ndoo moja tangu abatizwe.

Kapteni akaandika.

Sasa, msomaji asimhukumu haraka. Kwetu mgeni haambiwi mbali. Kumwambia mgeni kwamba aendako ni mbali ni kama kumfungia mlango usoni. Utamkatisha tamaa bure na miguu yake bado ina nguvu. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea tangu asubuhi, kila anayemuuliza njiani anamwambia hapo tu, na kila mmoja anamwambia kwa upendo. Neno lilimtoka Osmund kabla hajalifikiria, kama saluti.

Lakini nisimsingizie adabu peke yake. Kulikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa imepandwa kwa mistari pale Begani. Walipopita hapo, Kapteni alisimama akataka kutazama vizuri, Osmund akaharakisha mwendo akasema, "Hapa ni maharage tu, afande, tuendelee." Hakusema kwamba maharage hayo, kablanketi yenye michirizi ya zambarau, ndiyo yaliyompa sifa tangu astaafu. Wala hakusema kwamba shamba ni lake. Kwa jina, yaani. Kwa jembe lilikuwa la mkewe, Notburga, na aliyeoa anajua ni lipi kati ya hayo mawili lenye nguvu.

Kapteni aliaga akisema Jumamosi atarudi kupigilia vigingi Kileleni.

Siku hiyo Osmund alikula mchana bila kuongeza. Notburga akamtazama, akatazama sahani. Mwanamke aliyeishi na mpishi miaka thelathini na minane anajua kwamba asiyeongeza ana jambo. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi Osmund alichukua fimbo, akashuka Chemchemini, akageuka, akaanza kupanda kwenda Kileleni huku akihesabu. Ilikuwa hatua mia tisa na themanini, pungufu kidogo kuliko kile kilima cha ujana wake, lakini hapa palikuwa na mwinuko zaidi na mawe yanayocheza. Alifika juu goti limevimba, akakaa palepale alipokaa Hironimus. Akamwona akilini askari ambaye hajaripoti bado, mtoto wa mtu, na mzega begani, masika, akisogea kwenye jiwe linalocheza. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Yeye, Osmund, mwenye hadithi inayojulikana hadi Bombambili, ndiye aliyemwambia ofisa mwenye daftari kwamba maji ni hapo tu.

Kwenda kumwambia Kapteni "nilikudanganya" hakuweza. Kulikuwa na ulimi, lakini ulimi ule ndio ulioharibu. Aliamua sufuria iseme.

"Jumamosi nitawapikia wageni maharage," alimwambia Notburga. "Juu kilimani."

"Juu kilimani? Kwani mafiga yangu hapa yamekukosea nini?"

"Hayajakosea kitu, mama Leo. Ni mambo ya kijeshi."

"Haya. Mimi nitakuwa Begani napalilia. Ukihitaji chumvi piga kelele." Alimtazama tena kwa lile jicho lake, akarudi kwenye kazi yake. Mtoto wao Leo, aliyempa jina hilo la mama Leo, ni fundi wa magari Dar es Salaam na ana watoto wake, lakini Notburga akikutazama hivyo hata ukiwa na miaka sitini na mitano unahisi umevunja sahani.

Jumamosi saa tatu asubuhi Kapteni alimkuta Osmund Kileleni. Mafiga matatu yamepangwa, kuni zimekatwa, sufuria kubwa inang'aa, maharage yamechambuliwa, kitunguu, chumvi, karanga zilizosagwa kwenye kopo. Vigingi vya jeshi viko pembeni vinangoja.

"Afande, chakula cha kuzindua mahali," Osmund akasema. "Kila kitu kipo. Yamebaki maji tu. Twende tukachote, si hapo tu?"

Kapteni akacheka, akakunja mikono ya sare, akachukua ndoo. Hironimus akakumbuka kwamba kuna mtu lazima alinde sufuria.

Walishuka. Kushuka hakuna shida, ndiyo hila ya milima yote. Chemchemini Kapteni akajaza ndoo, akasokota kata ya majani, akajitwika kichwani kwa mkono mmoja kama walivyomfundisha utotoni, na Osmund akambariki kimoyomoyo kwa hilo. Kisha wakaanza kupanda. Hatua ya mia mbili walikuwa bado wanazungumza. Hatua ya mia nne Kapteni aliuliza kama ni njia hii hii waliyoshukia. Hatua ya mia sita jiwe lilicheza, maji yakamwagika mabegani, nyota zake tatu zikalowa. Hatua ya mia nane hakuna aliyesema kitu. Walipofika juu, Kapteni alitua ndoo, akachungulia ndani, akamtazama Osmund, akachungulia tena. Ilikuwa nusu.

"Dakika hamsini," alisema akitazama saa. "Baba, ulisema hapo tu."

"Afande, ulikuwa mgeni."

Kapteni akamkazia macho, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na Hironimus akacheka bila kujua anachekea nini.

Osmund akatia maji sufuriani, akawasha moto. Upepo wa Kileleni ukaja kuuona moto huo, ukauchukua ukaupeleka pembeni ya sufuria. Akazungusha mawe, upepo nao ukazunguka. Baada ya muda mrefu maji yalichemka, yakakauka, maharage yakabaki magumu kama risasi.

"Maharage hunywa maji mara tatu, afande," Osmund akasema. "Hii ilikuwa ya kwanza."

Kapteni alikuwa tayari na daftari. Askari thelathini, wa kunywa, kupika, kuoga, kufua: ndoo sitini kwa siku, kwa kubana. "Mtu mmoja angehitaji saa hamsini kila siku," akasema polepole. "Pampu ipo, lakini ipo kwenye karatasi. Na lori la maji haliwezi kupanda kipande hiki cha mwisho." Akafunga daftari. "Basi turudi Chemchemini."

"Chemchemini utaona nini, afande? Utaona kilima hiki na mimi nikipita. Na vyoo vya watu thelathini juu ya bomba la mtaa mzima, akina mama watakufuata hadi makao makuu."

"Kweli." Kapteni akasimama, akatembea ukingoni, akatazama chini. Alitazama muda mrefu. "Na pale?" akauliza.

Osmund akainama kuchochea moto.

"Pale katikati. Barabara ya Tunduru inaonekana, nusu ya bonde inaonekana. Maji nadhani ni robo ya safari tuliyotembea. Lori linafika bila taabu. Upande wa nyuma hauonekani, lakini nikiweka walinzi wawili hapa juu, kila mmoja na chupa yake ya maji, inatosha." Akageuka. "Ni pale ulipoharakisha. Kuna nini pale, baba?"

"Maharage," Osmund akasema.

"Ya nani?"

Chini yao, mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani alikuwa akipalilia mstari kwa mstari, bila haraka na bila kusimama. Osmund akachongoa midomo kumwelekea.

"Ya yule," akasema.

Wakashuka wote watatu. Notburga aliwaona wakija, akajipangusa mikono, akatoa kibuyu cha togwa kivulini. Alipokea shikamoo ya Kapteni, akauliza habari za nyumbani kwao Mbinga, za wazazi, za mvua, akamwagia kila mtu kikombe, na muda wote huo jicho lake lilikuwa kwenye mguu wa mumewe, uliokuwa ukiburutwa. Kapteni alieleza yote wazi: mahali patatu, kizuri cha kila mahali na kibaya chake, na kwamba kwa macho yake hapa wanapokunywa togwa ndipo panafaa kuliko pote.

"Lakini, mama, shamba la mtu halichukuliwi kwa sababu ofisa amelipenda," alimaliza. "Mtapewa jingine, ila sijui kama litakuwa zuri kama hili, sitakudanganya. Mkikataa sitauliza mara ya pili. Nitapigilia vigingi juu, na maji tutajuana nayo wenyewe."

Notburga akamgeukia mumewe. Osmund alikuwa akitazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna barua humo.

"Huyu aliwaambiaje kuhusu maji ya kule juu?" akauliza.

Kapteni alinyamaza, na kwa kunyamaza kule Osmund alimpenda mara ya pili. Ila Hironimus, ambaye togwa ilikuwa imemchangamsha, akasema, "Alisema hapo tu."

"Wewe?" Notburga akaweka jembe chini. "Wewe, Osmund?"

"Alikuwa mgeni," Osmund akanong'ona.

"Njia ya mwongo ni fupi, mume wangu. Na wewe umeifupisha mpaka imekuleta mbele yangu. Kunja suruali."

"Mama Leo, mbele ya afande..."

"Kunja."

Koplo mstaafu akakunja suruali. Goti lilikuwa limevimba kama kichuguu, na kovu lake la zamani likipita katikati. Notburga akamshika Kapteni mkono, akamsogeza.

"Njoo uone kilima, mwanangu," alisema. "Ofisa aliyekichagua alishakisahau. Mimi bado ninacho nyumbani. Nimelikanda goti hili kwa mafuta ya nyonyo miaka thelathini na moja. Baridi ikiingia, nalikanda. Mvua ikikaribia, nalikanda. Watoto wakilia, nalikanda kwanza ndipo niwabebe." Akatulia, akatazama mistari yake ya maharage, iliyokuwa imeanza kuweka maganda, yote mpaka ukingoni, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba anaumia. "Hili shamba nalipenda. Hapa ndipo nilipokaa kila nilipotaka kukaa peke yangu. Lakini hao thelathini wako wana wake, na wasio na wake watawapata. Siwezi kula maharage matamu huku najua kuna wanawake thelathini wanakanda magoti kwa ajili yangu. Chukueni. Ila mningoje nivune."

 Osmund akakunjua suruali. Machozi yakamtoka mbele ya ofisa, jambo ambalo hata kule kilimani, siku goti lilipovunjika, halikumtokea. Kapteni Careen alivua kofia, akapiga goti moja kwenye matuta, akasema, "Asante, mama," na sauti yake haikuwa ya ofisa hata kidogo.

Ndipo Notburga akanusa.

"Nani anaangalia maharage?" akauliza.

Wakatazamana. Kutoka Kileleni ulishuka moshi mwembamba, wenye harufu ambayo Osmund alikuwa ameinusa kwenye sufuria za watu wengine tu. Katika maisha yake yote hiyo ndiyo siku pekee ambayo Koplo Osmund aliunguza maharage, na mpaka leo anashikilia kwamba aliyeunguza ni upepo. Walikula ugali kwa likolo, mboga ya majani ya maboga, nyumbani kwa Notburga, dereva naye akaitwa, wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani.

Notburga alivuna mwezi wa sita, magunia mazito kuliko ya mwaka uliotangulia, kana kwamba shamba lilijua. Baadaye walipewa eneo Mshangano, upande wa pili wa mji. Lilikuwa kubwa zaidi ya lile la Begani, tambarare, na udongo wake ulikuwa na mchanga mwingi kuliko Notburga alivyopenda. Aliuchukua kiganjani, akaunusa, akasema, "Tutazoeana." Mbegu ya kablanketi aliiweka kwenye debe lenye mfuniko, akalala karibu nalo miezi yote ya baridi.

Kituo cha Begani kilifunguliwa mwezi wa kumi na moja. Hakukuwa na hotuba ndefu; Kapteni Careen alisema kwa dakika tatu, walinzi wawili wakatumwa Kileleni na chupa zao za maji, na Hironimus akapiga makofi akiwa amekaa. Kisha Kapteni akawaita Osmund na Notburga jikoni, akawakabidhi kwa mpishi mkuu, Koplo Mwanahawa, mwanamke wa Tunduru mwenye mikono mipana na kicheko cha karibu.

"Karibuni wazee wangu," Mwanahawa akasema. "Nimesikia habari zenu. Inshallah leo mzee ataniambia kama najua kupika au nachemsha."

"Tutaona," Osmund akajibu kwa ukali, akifurahi mno. "Maji yako wapi?"

"Ndiyo naenda kuchota."

"Hapana," Osmund akasema. "Leo nachota mimi."

Notburga alitaka kukataa, akamwona usoni, akaacha. Osmund akashuka Chemchemini na ndoo moja, akaijaza mpaka pomoni, akaibeba mkononi, akaanza kupanda. Mwanahawa alimfuata nyuma, na askari wapya wakasimama ukingoni kutazama mzee huyo anahesabu nini. Hatua ya mia moja alipumzika. Hatua ya mia mbili goti likamwambia kitu, hakulijibu. Hatua ya mia mbili na sitini alikuwa amesimama kwenye sakafu mpya ya jiko.

Akatua ndoo, akachungulia. Maji yalikuwa yamefika shingoni mwa ndoo, yakicheza kidogo, hayajapungua hata kikombe.

Osmund aliyatazama kama mtu anayesoma jina lake. Akaingiza kidole, akakitoa, akamwonyesha Notburga jinsi kilivyolowa, kisha akacheka na kulia kwa pamoja, na hakujali nani anamwona. "Imejaa," alisema. "Mama Leo, imefika imejaa." Notburga akainama akachungulia naye, bega kwa bega, akashika ukingo wa ndoo kwa mikono yote miwili.

Mwanahawa, ambaye hakujua hadithi yote lakini alijua furaha akiiona, alimimina maji sufuriani, akawapa viti. Wakakaa wakichambua maharage pamoja, ya debe la Notburga, yale ya mwisho ya Begani aliyoyaleta kuwa zawadi ya jiko. Mwanahawa akayageuza kiganjani, akasifu michirizi yake.

"Mama, nimesikia haya yalikuwa yanalimwa hapa hapa tulipokaa," alisema. "Na sasa mnalima wapi?"

"Mshangano," Notburga akasema.

"Mimi mgeni Songea. Mshangano ni mbali?"

Osmund akainua kichwa. Midomo yake ilianza kuchongoka yenyewe kuelekea upande ule, akaizuia. Tangu siku ile ya Kileleni alikuwa ameapa kutomfupishia mgeni njia tena.

"Ni mbali," akasema wazi. "Kwa miguu ni saa mbili na zaidi, ukatize mji mzima. Kwa mama wa umri huu ni mbali sana."

Notburga alikuwa ameinama kwenye ungo. Akatoa kokoto moja, akalitupa nje, akamtazama msichana wa Tunduru, akatazama ndoo tupu iliyokuwa bado imelowa mpaka juu, na mwisho akalitazama goti la mumewe.

"Usimsikilize, mwanangu," alisema. "Ni hapo tu."